Hatimiliki tunaipekua, nyumba yenyewe tunaiangalia rangi

Kwa Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua za wasomaji wenzangu kuhusu ununuzi wa nyumba hapa Nairobi, na karibu zote zinarudia wosia mmoja: chunguza hatimiliki kabla ya kutoa pesa. Sina ugomvi na wosia huo. Jiji hili limewaliza wengi kwa vyeti bandia na ploti zilizouzwa mara tatu, na ni jambo la kushukuru kwamba tangu Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, uzinduliwe Aprili 2021 mtu anaweza kuomba upekuzi rasmi wa ardhi iliyoko Nairobi bila kupanga foleni Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi. Tena, tangu Mahakama ya Juu iamue mwaka 2023, katika kesi kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kwamba cheti peke yake hakimkingi mtu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, mawakili wenye bidii hufuatilia historia ya umiliki hadi mgao wa kwanza. Ninaloliandikia leo ni kitu ambacho sikukiona hata kwa mstari mmoja katika barua hizo zote, nacho ni nyumba yenyewe.

Hebu tujitazame tunavyofanya. Wakili tunamlipa achunguze karatasi. Mthamini tunamlipa ataje bei. Serikali tunailipa ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, kiasi kwamba nyumba ya shilingi milioni 8 inatutoa shilingi 320,000 kabla hatujanunua hata pazia. Kisha jengo, yaani mawe, vyuma, nyaya na mabomba ambayo tutaishi nayo miaka yote iliyobaki, tunalikagua kwa dakika ishirini Jumamosi mchana, dalali akitutangulia kufungua milango, nasi tukimfuata nyuma huku tukisifu kabati za jikoni na kuuliza kama maji huwa yanakuja.

Nasema hivi kwa kuwa ndivyo nilivyofanya mimi. Januari 2018, mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala hapa Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 na ambao nyumba zake nyingi zimeongezwa huku na huku na kila aliyewahi kuzimiliki. Jua lilikuwa kali na kuta zilinukia rangi mpya. Jikoni kwake kulikuwa kupana kuliko kwa majirani, kwa sababu mwenye nyumba aliyetutangulia alikuwa ameliongeza jiko kuelekea uani, na upana huo ndio ulionimaliza. Niliiona meza yangu imesimama mle kabla sijapanda hata ngazi kuona vyumba vya juu.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mazito, kama wakazi wa Nairobi wanavyokumbuka. Alfajiri moja ya Aprili nilishuka kuteleka chai nikakuta maji meusi yamefika kwenye vifundo vya miguu, yakibubujika kutoka kwenye tundu la sakafuni. Harufu yake sitaieleza, maana najua gazeti hili husomwa watu wakiwa mezani. Tulimwita fundi wa mabomba, mzee mmoja mtulivu, ambaye hakufungua hata mkoba wake wa vyombo. Alitoka uani, akapanda juu ya ndoo, akachungulia ua wa jirani wa kulia, kisha wa kushoto, halafu akaniuliza: “Mwalimu, chemba yenu, lile shimo la kukagulia majitaka, iko wapi?”

Sikujua hata anauliza nini. Alinisimamisha juu ya ndoo ile ile akanionyesha kwamba kila ua katika safu yetu una mfuniko wa chuma, na kwamba mifuniko hiyo imepangwa kwa mstari mmoja ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu chini yake linapita bomba la majitaka la safu nzima. Kwetu mstari ule ulikuwa unapita chini ya jikoni. Mzee aliingia ndani akahesabu hatua, akapiga magoti, akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa spana, kigae baada ya kigae, hadi alipofika chini ya kabati ya sufuria, ambapo mlio uligeuka ukawa kama wa debe tupu. “Iko hapa,” akasema. “Waliifunika, wakatandika tailsi juu.”

Kuvunja sakafu, kuhamisha chemba na kulipitisha bomba nje ya ukuta kulitugharimu zaidi ya shilingi 280,000 na wiki mbili za kupikia sebuleni. Wakati huo huo tuligundua kwamba nyongeza ile ya jiko haikuwa na idhini yoyote ya kaunti. Yote hayo yangalionekana na mtu yeyote mwenye ujuzi katika muda usiozidi dakika kumi. Mzee yule alilishuku tatizo akiwa juu ya ndoo tu.

Nilimwendea wakili nikiwa na hasira, nikitaka muuzaji ashtakiwe. Wakili alinifungulia mkataba wangu mwenyewe akanionyesha kifungu ambacho, nikisema kweli, nilikitia saini bila kukisoma: kwamba mnunuzi ameikagua nyumba na anaichukua kama ilivyo. Kifungu cha namna hiyo kimo karibu katika kila mkataba wa kuuziana nyumba nchini, nacho hakina hila ndani yake, kwani msimamo wa sheria ya mauzo ya nyumba tangu zamani ni kwamba mnunuzi ndiye wa kujihadhari. Muuzaji akikudanganya kwa kauli ya wazi una pa kushika. Akinyamaza tu, nawe hukuuliza, umeuziwa mbuzi kwenye gunia na saini yako inasema ulilifungua gunia ukatazama.

Wapo watakaoniuliza: je, mthamini hakuja? Alikuja. Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya, na ningependa nikae kidogo juu ya jambo hili. Chama chetu cha akiba na mikopo kilimtuma mthamini aliyesajiliwa, naye akafanya kazi aliyotumwa kwa ukamilifu: alipima ukubwa, akapiga picha, akalinganisha na nyumba nyingine zilizouzwa mtaani, akaandika kwamba nyumba hii ikipigwa mnada itarudisha deni. Hilo ndilo swali alilopewa. Hakutumwa kufungua bomba wala kupanda darini, na ripoti yake iliandikiwa mkopeshaji. Mimi nilikuja kuiona baadaye sana, baada ya kuiomba. Nilimlipa mimi, akamwandikia mwingine. Mtu anayekopa benki na kujiambia kwamba “benki isingetoa pesa kama nyumba ina kasoro” amemkabidhi ulinzi wake mtu asiyejua kwamba amekabidhiwa.

Nchini Marekani jambo hili limekuwa desturi kwa muda mrefu. Chama cha wakaguzi wa nyumba cha huko, kinachofahamika kwa ufupi kama ASHI, kiliundwa mwaka 1976. Mkataba wa huko kwa kawaida humpa mnunuzi siku kadhaa za kumleta mkaguzi wake, ambaye hukaa ndani ya nyumba saa mbili au tatu, akapanda paani, akaingia chini ya sakafu, akawasha kila mtambo, kisha akatoa ripoti ambayo mnunuzi anaweza kuitumia kudai marekebisho, kupunguziwa bei, au kujiondoa na arubuni yake mkononi. Kwetu hakuna taaluma yenye leseni inayoitwa ukaguzi wa nyumba za kuuzwa, na huenda ndiyo sababu tunadhani kwamba huduma yenyewe haipo. Ipo, ila inabidi uikusanye mwenyewe. Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya anaweza kukufanyia, na jina lake unaweza kulithibitisha katika rejista ya bodi kabla hujamlipa. Wapo pia wasoroveya wa majengo, ambao wana kitengo chao katika Taasisi ya Wasoroveya ya Kenya, na kazi hii hasa ndiyo yao. Kwa upande wa umeme, mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Asiyefaa ni fundi aliyeletwa na dalali, na vilevile, nisamehewe na ukoo wangu, binamu anayejua kila kitu.

Mwaka jana mpwa wangu alipoanza kutafuta nyumba, nilimwambia kwamba sitatia hata shilingi ya mchango kabla mhandisi hajaingia ndani. Tulimpata binti mmoja ambaye umri wake ni kama wa wanafunzi wangu wa mwisho, na siku mbili nilizomfuata nyuma zilinifundisha kuliko miaka yote niliyoishi ndani ya nyumba.

Siku ya kwanza ilikuwa nyumba ya chini upande wa Syokimau, yenye bustani nzuri mbele. Mhandisi hakuitazama bustani. Alifungua na kufunga kila mlango, kisha akatuita tuangalie ukingo wa juu wa mlango wa chumba cha kulala, ambao ulikuwa umerandwa kwa mshazari, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Mlango wa sebuleni vilevile. Alitueleza kwamba eneo lile lina udongo mweusi, kama sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Nairobi, udongo ambao ukinywa maji huvimba na ukikauka husinyaa na kupasuka, na kwamba msingi usiochimbwa kupita udongo huo huinuliwa na kushushwa kila msimu hadi fremu za milango zikapinda. Fundi akiitwa mara kwa mara kuranda milango inayokwama, nyumba inasema inatembea. Kisha alimulika tochi ukutani kwa pembeni, si kwa mbele, na chini ya rangi mpya tukaona mstari uliopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha, ukifuata viungo vya mawe. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Hawakutuambia tufanye nini pale muuzaji anapouziba kwa niaba yetu, kwa fila na rangi, wiki moja kabla ya kuweka tangazo.

Mhandisi alitahadharisha kwamba si kila ufa ni msiba. Mipasuko myembamba kama nywele katika plasta ni ya kawaida, hasa katika nyumba mpya ambayo plasta yake ilikauka haraka. Wa kuogopwa ni ule wa mshazari unaoweza kuingiza sarafu, unaotokea pande zote mbili za ukuta, au unaoendelea kukua, na njia ya kuujua unaokua ni kuweka alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Kwa mnunuzi wa Nairobi hilo lina maana moja zaidi: ukiweza, itazame nyumba ukutani na paani baada ya mvua. Januari na Februari ni miezi ya wauzaji.

Mpwa wangu aliiacha nyumba hiyo kwa shingo upande.

Ya pili ilikuwa nyumba ya ghorofa ya nne katika jengo moja upande wa Embakasi, na huko mhandisi alianzia chini, nje kabisa. Aliuliza ramani iliyoidhinishwa na kaunti ina ghorofa ngapi, kisha akazihesabu zilizosimama. Msomaji asidhani kwamba hilo ni swali la urasimu. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa kadhaa liliporomoka kwenye mvua huko Huruma na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Waliofia mle walikuwa wapangaji, ambao hawana nguvu ya kumwambia mwenye nyumba kwamba wanaleta mhandisi. Mnunuzi anayo nguvu hiyo, kwa muda mfupi tu, yaani kabla hajalipa. Kuna nyundo maalumu ambayo mhandisi huigandamiza kwenye nguzo na bimu ikampa kadirio la ugumu wa zege; ya binti huyu ilitoa mlio mkavu kama wa stepla ya kubania karatasi, na kila mara alipiga mara kadhaa mahali pamoja, akaandika.

Aliuliza pia mto uko mbali kiasi gani, ingawa mbele ya jengo hapakuonekana ila mtaro. Ningali nakumbuka Agosti 2018, mabuldoza yalipoiangusha Ukay Centre kule Westlands na South End Mall kule Lang'ata, majengo yaliyokuwa na maduka na wapangaji ndani, kwa maelezo ya serikali kwamba yalisimama kwenye ardhi ya mto. Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito waondoke, na nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Ugomvi kuhusu haki ya bomoabomoa zile ni mrefu na si wa barua hii. Mimi nasema tu kwamba kamba ya kupimia ni ya bei nafuu.

Tulipopanda juu, dalali alianza kutazama saa. Mhandisi alifungua mabomba yote kwa pamoja, ya jikoni na ya bafuni, ili aone kama shinikizo la maji linaanguka. Akavuta vyoo vyote viwili. Akauliza maji ni ya kampuni ya jiji au ya kisima, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi, ile inayowaachia watoto meno ya kahawia, na nyumba inayotegemea kisima pekee inamlazimu mtu kuwaza maji ya kunywa. Fundi wake wa umeme alikifungua kisanduku cha swichi na kukuta kwamba shawa ya umeme imefungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa kawaida wa soketi, ilhali shawa ya namna ile inataka wa 4 au 6, na kwamba waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, umekatwa ukakunjwa nyuma haukuungwa popote. Nilikaa kimya. Hapa Nairobi ni nani asiyemjua mtu aliyewahi kurushwa na bomba la shawa?

Kisha akamwaga ndoo mbili za maji kwenye sakafu ya bafu, akasubiri, akasema sasa twende chini. Dalali alisema hakuna haja. Tulienda. Alibisha hodi katika nyumba iliyo chini yetu, akatoka mama mmoja amejifunga leso, mkono una unga. “Samahani, mama,” mhandisi akasema, “tunafikiria kununua nyumba ya hapo juu, tungependa kuangalia dari ya bafu lako.” Yule mama alicheka mpaka akaegemea mlango. Alituambia kwamba amelalamika mwaka mzima, kwamba amewaona wanunuzi watano wakipanda na kushuka ngazi zile, na kwamba sisi ndio wa kwanza kubisha kwake. Darini mwake palikuwa na doa la manjano lenye ukubwa wa sinia, na katikati ya doa, tulipokuwa tukitazama, tone likajikusanya likaanguka kwenye ndoo ambayo bila shaka ilikuwa imewekwa pale siku nyingi.

Ripoti ilikuwa ya kurasa tisa zenye picha, na ilimgharimu mpwa wangu shilingi 25,000 pamoja na ada ya fundi wa umeme. Dalali, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akituambia kwamba kuna mtu wa Mombasa anayekuja kesho na pesa taslimu, hakumtaja tena mtu huyo alipoziona picha. Muuzaji alikubali kung'oa sakafu ya bafu na kuweka upya tabaka la kuzuia maji. Mhandisi alisisitiza kazi ijaribiwe: tundu lizibwe, bafu lijazwe maji ya kina cha vidole viwili, liachwe siku nzima, na yule mama wa chini ndiye awe shahidi. Nyaya zilibadilishwa na bei ikapunguzwa kwa shilingi 150,000. Mpwa wangu sasa anaishi humo, na mama wa chini ndiye rafiki yake mkubwa katika jengo zima.

Lililofanya yote hayo yawezekane ni mstari mmoja katika barua ya ofa, ambao wakili wetu aliuandika baada ya kunung'unika kidogo: kwamba ununuzi utategemea ripoti ya ukaguzi itakayomridhisha mnunuzi, ndani ya siku 14, na kwamba hakuna arubuni itakayolipwa kabla ya hapo. Wakati wa kuuandika ni huo. Kwa desturi yetu arubuni ni asilimia 10 na mauzo hukamilishwa kwa siku 90, na mtu aliyekwisha kulipa 800,000 kwa nyumba ya milioni 8 ndipo akaleta mhandisi, analeta daktari baada ya mazishi. Ningewaomba mawakili wa ununuzi wa nyumba wauweke mstari huo katika kila barua ya ofa wanayoiandika, hata mteja asipouomba, kwa kuwa mteja wa mara ya kwanza hajui kwamba unaombwa. Na wakopeshaji, kwa kuwa ripoti ya mthamini tunailipia sisi, watupe nakala bila kubembelezwa, na waandike kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kwamba si ripoti ya hali ya jengo.

Kwa wale wanaonunua nyumba ambayo ingali katika michoro, mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa hakuna cha kugonga. Wao wamlete mhandisi siku ya kukabidhiwa ufunguo, kabla ya kutia saini kwamba wameridhika, na wautafute katika mkataba muda wa mjenzi kurekebisha kasoro, ambao aghalabu ni miezi sita. Miezi sita ikianza Juni huisha kabla hujaona masika hata moja. Uombe mwaka mzima. Wanaonunua nyumba ndani ya jengo la pamoja, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 nao wakumbuke kwamba paa, ngazi na tangi la juu ni mali yao kwa ushirika na wenzao, kwa hiyo mkaguzi apande mpaka huko, na hesabu za ada ya huduma ziombwe pamoja na hatimiliki.

Mhariri, gazeti lako huchapisha kurasa za nyumba na matangazo ya mauzo. Naomba, pale nafasi itakaporuhusu, mmwite mhandisi na msoroveya wa majengo waeleze kwa Kiswahili, pamoja na picha, namna ya kusoma ufa, dari na kisanduku cha swichi, kwa kuwa maelezo mengi ya mambo haya tunayapata kwa Kiingereza cha kitaalamu au hatuyapati kabisa. Kama mtahitaji picha ya chemba chini ya kabati ya sufuria, ninayo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi